Solistasi, kipupwe na baridi ya Julai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo katikati ya mwaka maswali huwa yale yale: baridi hii inatoka wapi, itaisha lini, na je, ni kweli kwamba jua limekwenda mbali? Desemba yanaanza upya, safari hii kutoka kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Majibu ni haya.

Solistasi ni kitu gani hasa?

Dunia inalizunguka jua huku mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23.4, na mwaka mzima mhimili huo unaelekea upande ule ule wa anga. Kwa hiyo kuna miezi ambayo Kizio cha Kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta, kimeinamia jua, na miezi sita baadaye zamu huwa ya Kizio cha Kusini. Mnamo tarehe 20 au 21 Juni jua la utosi hufika Tropiki ya Kansa, mstari ulio nyuzi 23.4 kaskazini mwa ikweta, na haliendi kaskazini zaidi ya hapo. Mnamo tarehe 21 au 22 Desemba hufika Tropiki ya Kaprikoni, mstari wa aina hiyo hiyo upande wa kusini, kisha hurudi. Solistasi ndiyo hizo sehemu mbili za kugeukia.

Kwa kizio ambacho jua limekipa kisogo, hiyo ndiyo solistasi ya majira ya baridi: mchana mfupi kuliko wote wa mwaka na usiku mrefu kuliko wote. Kwa kizio cha pili, siku hiyo hiyo, mambo ni kinyume.

Kwetu sisi solistasi ya baridi ni ya Juni au ya Desemba?

Inategemea unasoma ukiwa wapi. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, na Rwanda na Burundi vilevile, kwa hiyo ni Juni. Lubumbashi, huko Katanga kusini mwa Kongo, pia ni Juni, tena huko inajulikana kweli. Kenya na Uganda zimekatwa na ikweta katikati: Nairobi iko kusini, Eldoret na Kampala ziko kaskazini kidogo, na kusema ukweli kwa miji hiyo neno "solistasi ya baridi" halina uzito wowote. Ukiwa Muscat, London au Toronto, yako ni ya Desemba.

Mchana unapungua kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama dakika 10 tu. Hakuna anayeiona bila saa. Dar es Salaam mchana wa tarehe 21 Juni ni saa 11 na dakika 43, na wa Desemba ni saa 12 na dakika 31. Mtwara tofauti inavuka saa moja. Johannesburg mchana wa Juni unashuka hadi karibu saa 10 na nusu, na Cape Town haufiki saa 10 kamili.

Kaskazini ndiko kwenye mambo makubwa. London mnamo 21 Desemba hupata mchana wa saa 7 na dakika 50, wakati Juni hupata zaidi ya saa 16 na nusu. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Kama 21 Juni ndiyo mchana mfupi kuliko yote, mbona Julai ndiyo yenye baridi zaidi?

Kwa sababu joto la mahali halitegemei jua la leo peke yake. Linategemea pia joto lililokwisha kuhifadhiwa ardhini na baharini. Baada ya solistasi mwanga unaanza kuongezeka, lakini kwa wiki kadhaa bado ni mdogo kuliko joto linalopotea usiku. Ni sawa na mtu ambaye mshahara umeanza kupanda huku matumizi yangali makubwa kuliko kipato: akiba yake inaendelea kupungua hata baada ya barua ya nyongeza kufika. Siku mapato yanapolingana na matumizi ndiyo siku ya baridi kali zaidi, na kwa nchi nyingi siku hiyo huja wiki tatu hadi sita baada ya solistasi.

Ndiyo maana mwezi wa baridi kali Afrika Kusini ni Julai, na Ulaya ni Januari, wakati mwingine Februari. Theluji iliyowashangaza wakazi wa Johannesburg mwaka 2023 ilianguka tarehe 10 Julai, si siku ya solistasi.

Bahari inachelewa zaidi, maana maji mengi hayapoi haraka. Ukiogelea Zanzibar, maji ya baridi kuliko yote utayakuta Agosti na Septemba, karibu nyuzi 25 au 26. Ya moto kuliko yote ni ya Machi na Aprili, karibu 29 au 30. Wavuvi hawahitaji kuambiwa hilo.

Nairobi mchana haubadiliki, sasa baridi ya Julai inatoka wapi?

Swali zuri kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake linaumiza watu wanaopenda kueleza kila kitu kwa mwinamo wa dunia.

Tuanze na jua lenyewe. Tarehe 21 Juni, saa ya adhuhuri, jua la Nairobi liko nyuzi 65 juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini. Tarehe 21 Desemba liko nyuzi 68, upande wa kusini. Tofauti ni nyuzi tatu. Kwa hesabu hiyo Julai na Desemba zingepaswa kufanana, lakini kila mkazi wa Nairobi anajua hazifanani hata kidogo: Julai joto la mchana kwa wastani ni kama nyuzi 22, na kuna siku halifiki hata 18, huku Februari na Machi likigonga 27 au 28.

Kinachofanya kazi ni mawingu. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi unavuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba hewa ya ubaridi na unyevu. Hewa hiyo inapopanda kuelekea nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa inapoa na kugeuka mawingu. Juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto kidogo ambalo linaizuia isipande zaidi, kwa hiyo mawingu hayawi marefu ya kuleta mvua ya maana. Yanatanda tu, mazito, ya chini, ya rangi ya majivu, kutwa nzima, yakidondosha manyunyu ya hapa na pale. Ukitazama juu kutoka Limuru au Ngong saa nne asubuhi, jua lipo mahali pake na lina nguvu zake. Ni wewe uliyefunikwa.

Angalia sehemu ambazo mawingu hayo hayafiki. Lodwar, huko Turkana, Julai ni joto kama kawaida. Kisumu watu wanashangaa wakiona ndugu zao wa Nairobi wameshuka kwenye basi na makoti.

Kwa hiyo, mtu akisema baridi ya Nairobi imeletwa na solistasi, amepatia nusu. Solistasi ya Juni inalipasha joto bara la Asia, Asia inauvuta upepo wa kusi, kusi inaleta mawingu, na mawingu ndiyo yanayokufanya utafute sweta. Safari ni ndefu.

Nimepata ujumbe wa WhatsApp kuhusu "afelioni". Ni kweli?

Kuna ukweli mmoja na uongo mwingi. Ukweli: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi na jua, karibu kilomita milioni 152. Hapo ndipo panaitwa afelioni. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, karibu milioni 147.

Uongo ni ule wa kwamba umbali wa kawaida ni kilomita milioni 90, na kwamba Julai unaongezeka kwa asilimia 66, hivyo tutegemee baridi isiyo na mfano, mafua, kikohozi na kubanwa pumzi hadi Agosti. Umbali wa wastani ni karibu kilomita milioni 150, na tofauti kati ya Januari na Julai ni kama asilimia 3 tu. Ujumbe huu unarudi kila mwaka ukiwa umebadilishwa tarehe, na unapendwa kwetu kwa sababu unafika wakati kweli kuna baridi. Mtu wa Ujerumani akiusoma Julai akiwa anatokwa jasho anaufuta.

Tuwe waadilifu lakini: hiyo asilimia 3 ya umbali inapunguza nguvu ya jua inayotufikia kwa karibu asilimia 7, na kwa nchi za ikweta, ambako mwinamo hauleti tofauti kubwa, mchango huo upo. Ni mdogo tu ukiulinganisha na mawingu. Wala haukuanza mwaka huu. Mafua ya Julai yanatokana na watu kujifungia pamoja madirisha yakiwa yamefungwa, na hayo hayahitaji sayari yoyote.

Na Njombe, Makete na Lubumbashi? Kule baridi yao ni tofauti.

Ni tofauti kabisa, na mtu akizichanganya hizi baridi mbili hataelewa wala moja.

Baridi ya Nairobi ni ya mchana: anga limefunikwa, joto halipandi, lakini usiku mawingu yale yale yanazuia joto lisipotee, kwa hiyo alfajiri haishuki sana. Baridi ya nyanda za juu kusini na ya Katanga kwa sehemu kubwa ni ya usiku. Kipupwe huko ni kiangazi vilevile: mvua zimekatika tangu Mei, hewa ni kavu, na usiku mwingi anga ni jeupe, nyota zote nje. Ardhi inatoa joto lake moja kwa moja kwenda angani bila kizuizi. Hapo usiku mrefu wa Juni na Julai unaanza kuwa na maana, maana kila saa ya ziada ya giza ni saa ya ziada ya kupoteza joto. Lubumbashi mchana unaweza kuvaa shati, usiku ukatafuta blanketi la pili.

Ongeza mwinuko. Uwanda wa Kitulo, kule Makete, uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri zenye utulivu, ambapo hakuna upepo wa kuchanganya hewa, hewa baridi inatiririka mabondeni na kutuama. Nyasi zinaamka zimepakwa sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe inayolia chini ya kiatu. Jua likichomoza inatoweka ndani ya saa moja, lakini majani ya viazi yaliyokwisha kuungua hubaki meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Wakulima wanajua kwamba shamba la bondeni huungua na la mteremkoni, mita chache juu, likapona.

Chai ya Mufindi na Njombe nayo inalala kipindi hiki: vichipukizi vinakua polepole, na wachumaji wanapata kazi kidogo hadi joto lirudi.

Lakini sakitu haifuati solistasi kila mahali. Nyanda za juu za Kenya huungua pia Januari, kama ilivyotokea kwenye mashamba ya chai mwaka 2012, kwa sababu Januari ndiyo huko anga linakuwa jeupe na hewa kavu. Jua liko kusini, kipupwe kiko mbali, na bado majani yanaganda.

Jambo moja la usalama, kwa sababu kila msimu linaua watu: usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa yanayofifia yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Ota moto, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Hakuna njia ya katikati.

Solistasi ina uhusiano gani na kaskazi na kusi?

Mkubwa. Kwa pwani ya Afrika Mashariki naweza kusema hapa ndipo solistasi inapogusa maisha ya watu kuliko kwenye urefu wa mchana.

Desemba, jua likiwa kusini, bara la Asia linapoa vibaya. Hewa baridi ni nzito. Mgandamizo wa hewa unapanda kule na hewa inaanza kutiririka kuelekea kusini, ambako kuna joto. Hiyo ndiyo kaskazi, inayotufikia ikitokea kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Juni mambo yanageuka: Asia imepata joto kali, mgandamizo umeshuka, na hewa inavutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Kusi inaanza Aprili au Mei na kupata nguvu zake zote Juni, Julai na Agosti.

Biashara yote ya majahazi kati ya Oman, Bara Hindi, Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa ilijengwa juu ya mzunguko huo. Waliteremka na kaskazi wakiwa na tende, vitambaa na papa mkavu, wakapandisha na kusi wakiwa na boriti na karafuu. Nahodha aliyechelewa kuondoka hakuwa na njia ila kungoja upepo ugeuke.

Hata leo, kipupwe ni msimu wa tahadhari baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara angalizo la upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, na wenye ngalawa na mitumbwi midogo hupumzisha vyombo. Abiria wa boti za Unguja na Pemba wanaijua vizuri Julai, hasa tumboni.

Na kwa walioko Oman: upepo huo huo wa kusi ukishavuka ikweta unapinda na kuwa wa kusini-magharibi, ukaipiga milima ya Dhofar. Ndipo Salalah inapopata msimu wake wa ukungu na manyunyu, tangu karibu solistasi ya Juni hadi Septemba, milima ikiwa kijani kitupu. Wakati huo Muscat, iliyo karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, jua liko utosini na lami inachemka.

Masika na vuli je? Nazo zinaletwa na solistasi?

Zinaletwa na safari ya jua kati ya solistasi mbili. Ukanda wa mvua wa kitropiki hulifuata jua la utosi kwa kuchelewa kidogo. Ukipanda kwenda kaskazini unatupitia Machi hadi Mei, hiyo ni masika. Ukishuka kwenda kusini unatupitia tena Oktoba hadi Desemba, hiyo ni vuli. Kusini na magharibi mwa Tanzania, kutoka Kigoma na Tabora hadi Ruvuma na Mtwara, ukanda unafika, unageuka na kurudi bila kuacha nafasi kubwa katikati, ndiyo maana wao wana msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili.

Basi naweza kutumia solistasi kutabiri msimu utakuwaje?

Hapana. Solistasi ni ile ile kila mwaka, mvua si zile zile. Vuli ya 1997, ya 2019 na ya 2023 zilileta mafuriko, na jua lilikuwa palepale lilipokuwa katika miaka ya ukame. Kilichobadilika ni joto la bahari: El Niño, yaani maji ya Pasifiki kuwa ya moto kuliko kawaida, na hali ya Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wetu yanakuwa ya moto kuliko ya upande wa Indonesia. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ukitaka kujua msimu utakavyokuwa, soma mwelekeo unaotolewa na mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako. Tanzania hutoa mwelekeo wake kwa kila msimu, kipupwe kikiwamo. Mwenye kukuambia kuwa solistasi ya mwaka huu "inaonyesha" mvua nyingi anakuuzia kitu.

Majira ya baridi yanaanza tarehe 1 au tarehe 21?

Yote mawili, kutegemea unamwuliza nani. Wanaastronomia huhesabu kutoka solistasi hadi ikwinoksi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Watu wa hali ya hewa huhesabu miezi mitatu kamili, Juni hadi Agosti huku kusini, Desemba hadi Februari kule kaskazini, kwa sababu inarahisisha takwimu na pia inalingana vizuri zaidi na baridi yenyewe. Kipupwe chetu kinahesabiwa kwa mtindo huo wa pili.

Theluji ya Kilimanjaro inaongezeka wakati wa solistasi?

Hapana. Theluji kule juu inahitaji unyevu, na unyevu unakuja na masika na vuli. Juni hadi Agosti kileleni kuna baridi kali lakini hewa ni kavu, ndiyo maana wapandaji wengi huchagua miezi hiyo.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni sherehe ya solistasi?

Si hivyo, ingawa sherehe hii ya mwaka mpya huko Unguja inaangukia Julai. Asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, ambao kule Iran huadhimishwa wakati wa ikwinoksi ya Machi. Mwaka wa pwani ulihesabiwa kwa siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila baada ya miaka minne ulirudi nyuma siku moja ukilinganishwa na jua. Karne zikipita, siku hizo zinakuwa miezi.

Hesabu yenyewe inastahili heshima. Mwaka uligawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa miongo hiyo mkulima alijua lini asafishe shamba na nahodha alijua lini kaskazi inaingia, jambo ambalo mwezi wa Kiislamu haukuweza kumwambia, kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11 na unazunguka misimu yote. Watu wa pwani walitumia kalenda mbili kwa pamoja, moja ya ibada na moja ya upepo, bila kuona tatizo.

Niko Ulaya. Giza la Desemba litaanza kupungua lini?

Mara tu baada ya solistasi, lakini usitegemee kuliona haraka. Siku za kwanza mchana unaongezeka kwa sekunde chache tu. Wiki ya pili au ya tatu ya Januari ndipo London unaanza kuongezeka dakika mbili kwa siku, na Machi unakimbia karibu dakika nne.

Kuna ajabu nyingine. London jua huzama mapema zaidi karibu tarehe 12 Desemba, na huchelewa kuchomoza zaidi karibu tarehe mosi Januari. Solistasi iko katikati. Sababu ni kwamba adhuhuri ya jua haidumu kwenye dakika moja ya saa yako mwaka mzima. Hata Dar es Salaam ipo: jua huzama mapema zaidi mwishoni mwa Mei, na kuchelewa kuchomoza zaidi ni katikati ya Julai, karibu saa 12:36 asubuhi. Watoto wa shule za mbali wanaotembea gizani Julai hawajakosea.

Kuhusu afya: kwenye latitudo ya Uingereza jua la Oktoba hadi mwanzo wa Machi ni dhaifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Huduma ya afya ya huko inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima, kwa kuwa ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Wageni wengi kutoka kwetu hawaambiwi hili hadi mifupa ianze kuuma. Na ukijiona umenyong'onyea kila Desemba, huna hamu ya chochote, unalala kutwa, mwambie daktari. Ni hali inayojulikana na ina matibabu. Siyo uvivu, na siyo kurogwa.

Ramadhani ikiangukia kwenye solistasi, funga inakuwaje?

Kwetu Afrika Mashariki haibadiliki sana: saa 13 na kitu, iwe Juni iwe Desemba. Kaskazini ni hadithi nyingine. Juni 2016 Waislamu wa London walifunga karibu saa 19, wakafturu na kabla hawajamaliza kushiba daku limefika. Kwenye Ramadhani ya Desemba wao ndio wenye nafuu, saa 10 hivi. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo ukiwa na jamaa huko ambaye umri wake umekwenda, mwambie avumilie.

Naweza kuiona solistasi mwenyewe, bila kifaa?

Unahitaji kijiti kilichonyooka cha mita moja na uwanja tambarare. Kisimike wima. Dar es Salaam adhuhuri ya kweli mwishoni mwa Juni ni karibu saa 6:25 mchana, Nairobi karibu saa 6:35. Pima kivuli kikiwa kifupi kabisa. Dar es Salaam tarehe 21 Juni utapata kama sentimita 58, na kivuli kitaelekea kusini. Rudia tarehe 21 Desemba: sentimita 30, kikielekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba hutaona kivuli, jua liko utosini hasa.

Walimu wa jiografia wanaosoma hapa: fanyeni hili na wanafunzi badala ya kuchora ubaoni ile dunia yenye mistari. Nairobi mtapata karibu sentimita 46 na 41, na darasa litagundua lenyewe kwamba jua haliwezi kuwa chanzo pekee cha baridi ya Julai.

Solistasi zijazo ni lini?

Kwa saa za Afrika Mashariki: mwaka 2026 ni tarehe 21 Juni saa 5:24 asubuhi, na tarehe 21 Desemba saa 5:50 usiku. Mwaka 2027 ni tarehe 21 Juni saa 11:11 jioni, na tarehe 22 Desemba saa 11:42 alfajiri. Tarehe zinasogea kwa sababu dunia humaliza kulizunguka jua kwa siku 365 na karibu saa 6, si siku kamili, na mwaka mrefu ndio unaozirudisha nyuma.